MADALALI WA NYUMBA DAR MNATUUA: Nimekarabati kwa milioni 14, mnunuzi kaja ananiambia anataka kiwanja tu

Wakuu salaam. Naandika hapa nina hasira mpaka vidole vinatetemeka kwahiyo nikikosea mnivumilie, na nyie madalali mliomo humu najua mpo, msijifanye hamjaona, leo ni zamu yenu.

Nina nyumba Kimara, ndani ndani huko kama kilometa moja na ushee kutoka Morogoro Road, au niseme nilikuwa nayo. Vyumba sita vya wapangaji, viwili masta na vinne vinachangia choo, kila chumba na mita yake ya luku. Kiwanja kimepimwa, hati ipo, kodi ya ardhi haina deni hata mia. Watu wa Kimara mnajua, tangu ile bomoabomoa ya 2017 swali la kwanza la kila mteja ni "mzee hii haina X?", yaani ile alama ya kubomolewa. Haina, na haijawahi kuwa nayo. Kiwanja nilinunua 2009 nikajenga kidogo kidogo mpaka 2014, tofali nilikuwa namwagilia mwenyewe alfajiri kabla sijaenda kazini.

Mwaka jana nikaamua niuze, mtoto anaingia chuo na mimi wapangaji nimewachoka, leo bomba, kesho choo kimejaa, keshokutwa fulani kaunga waya kwenye mita ya mwenzie. Nikatafutiwa dalali mmoja maarufu huko kwetu. Akaja na raba zake nyeupe, anapita anagonga ukuta kwa kidole kama daktari anapima kifua, mwisho ananiambia "mzee wangu hii kwa hali ilivyo huwezi kupata hata milioni 80, ila ukipiga jipsam, rangi, tailizi, ukabadilisha na lile geti, haishuki 120 nakuapia". Na fundi anaye. Fundi anaye! Hapo ndo nilitakiwa nishtuke ila tamaa wakuu, nikaiona 120 usingizini.

Basi nikatoa wapangaji. Hili bado linaniuma kuliko hela. Kulikuwa na mama mmoja chumba cha tatu, miaka minne hajawahi kuchelewesha kodi hata siku moja, akaniomba "baba naomba nisubirie mwanangu amalize mtihani wa la saba ndo nihame". Nikamwambia mteja yupo njiani. Mteja yupi? Nikamrudishia kodi yake iliyobaki akaondoka na kirikuu saa moja usiku, kabati limefungwa na kamba ya manila.

Hesabu hii hapa: jipsam 3,100,000, skimu na rangi 3,650,000, tailizi 4,200,000, shimo na chemba 1,800,000, geti 1,600,000. Jumla 14,350,000. Ongeza vyumba sita kukaa tupu miezi mitano kwa 70,000 kila chumba, piga wenyewe. Na nyumba tupu Dar mnaijua, wiki ya pili tu koki zote za vyooni zimeshang'olewa.

Kazi yenyewe sasa. Kuna mteja alikuja na mkewe, yule mama hakuongea kitu, kavua kiatu akawa anagonga tailizi na kisigino, kila anapogonga inalia kama debe tupu, koo koo koo, fundi kaweka udongo wa kupaka tu pembeni katikati hewa. Mama akamwangalia mumewe wakaondoka, hata maji waliyokaribishwa hawakunywa.

Lakini hayo tisa, kumi ni cha juu, ile hela dalali anayoongeza juu ya bei yako. Mimi nilisema 95, na dalali tulikubaliana 5% yake humo humo. Siku moja shemeji yangu kanitumia tangazo whatsapp anauliza hii si yako? Nyumba yangu, picha zangu, bei milioni 130. Nikaingia insta nikakuta nyingine 118, nyingine 145 ina picha ya jiko la nyumba ya mtu mwingine kabisa, na zote zimeandikwa "dakika 2 kutoka mwendokasi". Dakika mbili kwa helikopta labda. Kumbe dalali wangu kampa dalali, naye kampa dalali, kila mmoja anapandisha lake juu na mimi mwenye nyumba ndo wa mwisho kujua bei ya nyumba yangu. Halafu kila anayekuja kuangalia analipishwa elfu kumi au ishirini ya kuonyeshwa, kwahiyo wao hata isipouzwa mwaka mzima wanakula tu.

Sasa sikieni hili. Kuna mwalimu mmoja nilikutana naye dukani, tukapiga stori, akaniambia "kumbe ile nyumba ni yako? Mimi nilikuwa na 92 mkononi nikaambiwa mwenye nyumba kagoma chini ya 130". NINE TWO wakuu, keshi. Kashanunua Temboni.

Mwisho kaja jamaa wa hardware, hakupitia kwa dalali yeyote, aliona namba nimeandika kwa chaki getini. Hakuingia hata ndani. Kapima kiwanja kwa hatua, kaangalia kama fuso inaweza kukata kona, akasema "mzee nyumba nitavunja, nataka pa kuweka stoo, nakupa 80". Nikamwambia angalia basi jipsam, akacheka. Nimechukua 80 kwa sababu ada ya chuo haisubiri.

Mnadhani yaliishia hapo? Mwanasheria wa mnunuzi alipotaka barua ya utambulisho wa mtaa nikaenda ofisini, naambiwa nitoe 10% ya mauzo. Milioni nane kwa kugonga muhuri! Nikauliza ipo kwenye sheria ipi, jibu "ni utaratibu". Nikasema nipeni huo utaratibu kwa maandishi na mhuri huo huo, ghafla ikawa elfu hamsini. Kwenye kodi ya faida nako nikaumbuka, ni 10% ya faida na gharama za ujenzi unaruhusiwa kutoa ila uwe na vielelezo. Fundi wa dalali risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, angeitoa wapi? Nina karatasi ya daftari imeandikwa "nimepokea" na namba ya tigopesa. Ile 14 yote hesabuni haipo, kama sijawahi kuitumia.

Na dalali? Kasikia nimeuza kaja na wenzie wawili nyumbani kwangu jumapili anadai 5% yake, eti yule jamaa wa hardware "alishawahi kuliona tangazo". Nilimfungulia mbwa, naomba radhi kwa wapenda amani.

Naomba mnisaidie jambo moja, kuna mtu humu alishawahi kumpeleka dalali polisi au mahakamani akarudishiwa chochote? Mkataba wa maandishi sina, nina sms na sauti za whatsapp tu.

EDIT: Wanaouliza kama nyumba bado ipo, imevunjwa wiki iliyopita. Nilipita nikakuta geti langu la 1.6 limeegemezwa kwenye nguzo ya umeme linauzwa laki tatu. Na jana usiku saa nne nimeongezwa kwenye grupu moja la viwanja na nyumba, tangazo la kwanza kukutana nalo: "Nyumba ya kisasa inauzwa Kimara, vyumba 6, jipsam na tailizi mpya, 140 maongezi yapo". Namba ni ya dalali yule yule.