Mrejesho: Jokofu limeingia jikoni, ila mlango uling'olewa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama jokofu la milango miwili, lenye upana wa sentimita 91, lingetosha kwenye nafasi ya sentimita 95 iliyopo kati ya ukuta na kabati jikoni kwangu hapa Ujiji. Mlinishauri nipime upya chini, katikati na juu, nami nawashukuru, kwa sababu plasta ya ukuta ule imevimba kuelekea juu kiasi kwamba usawa wa bega nilipata 92 na nusu tu. Fundi aliichonga, tukalisogeza kabati, na sasa kila upande una sentimita 5 za kupitisha hewa, jambo ambalo kwa joto la hapa si la kupuuza.

Kilichonitoa jasho ni mlango wa jikoni, ambao sikuwa nimeupima kabisa. Ukifunguliwa unaacha uwazi wa sentimita 73, ilhali jokofu, pamoja na vishikio vyake, lina kina cha 74! Tuliung'oa kwenye bawaba ndipo likapita kwa ubavu, huku mama mkwe akihesabu mikwaruzo. Kwa kuwa lilisafirishwa likiwa limelazwa, tuliliacha limesimama usiku kucha kabla ya kuliwasha. Migebuka ya kwanza, wale samaki wa ziwani, iliingia jana.