Mjadala: Katikati ya Jiji la Tanga, Tubomoe au Tukarabati?

Mkaazi wa Chumbageni

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Naleta swali ambalo nimelisikia likibishaniwa katika kila meza ya kahawa tangu bandari yetu ilipoongezwa kina na meli kuanza kufunga gatini, badala ya kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari. Ukijumlisha na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwa kilomita 1,443 hadi Chongoleani, dalili ni kwamba fedha zinarudi Tanga, na fedha zikirudi mjini huulizia kwanza viwanja vya katikati. Je, majengo ya enzi ya Mjerumani na Mwingereza, pamoja na maduka ya Wahindi yenye makazi juu, yabomolewe kupisha maghorofa, au yahifadhiwe? Mimi nasema yahifadhiwe, ila naomba tusikilizane.

Mfanyabiashara wa Korogwe

Waalaykum salaam. Nimefanya biashara Tanga kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo mtu asiniite mgeni. Mji huu ulikuwa na viwanda vya mbolea, chuma, mbao na sabuni, na juu ya vyote ulikuwa na mkonge, ambao katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, sikumbuki nani aliandika barua ya kuvitetea. Leo anapotokea mtu mwenye uwezo wa kujenga ghorofa nane mahali penye duka linalovuja, ndipo tunakumbuka historia. Jengo la zamani lina maduka mawili chini na familia moja juu. Kiwanja hichohicho kingebeba benki, ofisi na nyumba 24. Tena tuseme kweli: wengi wanaoyatetea majengo haya wanatetea vibaraza vyake, kwa sababu ndipo wanaposhinda kutwa wakicheza bao na kusubiri kahawa.

Binti wa Ngamiani

Kaka yangu wa Korogwe, hesabu ya nyumba 24 nawaachia wenye kalamu. Mimi nimeshikwa na hilo la vibaraza.

Mama yangu alitulea watoto watano kwa kuuza vitumbua kwenye kibaraza cha duka la fundi saa, kwa hisani ya fundi huyo, ambaye alimruhusu kukaa pale mpaka jua lifike ngazi ya pili. Hakuwa na saa, lakini alijua wakati kwa kivuli cha nguzo, na kivuli kilipogusa mguu wa meza ya fundi alikuwa ameshaosha chuma chake na kutusubiri tutoke shule. Unapoona watu wamekaa kibarazani, umeona uvivu. Mimi nimeona karo. Hata ukiliacha hilo, kibaraza chenye paa na nguzo ndicho kinachomwezesha mtu kutoka sokoni hadi posta saa saba mchana bila mwavuli, na wakati wa masika bila kulowa, kwa sababu kila duka limejenga kipande chake na vipande vimeungana. Ghorofa jipya la vioo likiingia katikati, huvunja mnyororo huo. Linaweka ngazi tatu, milango ya kufunga na mlinzi mwenye rungu, nawe unarudishwa juani kama uliyekosea njia.

Mfanyabiashara wa Korogwe

Dada, sikumgusa mama yako, na Mungu amjalie kheri. Nilichosema ni kwamba mji hauwezi kuendeshwa kwa hisani ya fundi saa. Fundi alilipa pango na leseni. Aliyekaa kibarazani hakulipa hata senti. Ukitaka vitumbua viwe sehemu ya uchumi wa mji, vijengewe soko lenye maji na vyoo, visiegemee ukuta wa mtu.

Binti wa Ngamiani

Ushuru wa kila siku alilipa, na risiti zake tulizitumia kama vitabu vya kuchorea. Tafadhali usiseme usilolijua.

Mjukuu wa Manamba

Naomba niwakatize kabla hamjafika kwenye vyoo. Ninyi nyote mnasema "historia yetu" kana kwamba sote tulikuwa upande uleule wa kaunta. Babu yangu alikuja kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, akapewa namba kabla ya kuulizwa jina, akakata mkonge hadi viganja vikawa kama soli ya kiatu. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alivyofundishwa mwanangu shuleni, kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, na kutoka kwa hiyo 62 likatoka shamba ambalo babu yangu alizikwa pembeni yake. Reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na waliobeba mataruma hawana ubao wa majina mahali popote. Sasa mnaniambia nichangie chokaa ya kupaka Boma, jengo la utawala wa Mjerumani, nyumba ambayo watu wa babu yangu waliingia kwa kuitwa tu, na walipoitwa hawakuitwa kwa heri?

Mimi sitaki libomolewe. Nasema tu kwamba kama tunahifadhi, tuanze na maghala ya bandarini na korona moja nzima, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, pamoja na mashine, mkanda na brashi zake, ili mtoto aone singa, nyuzi za mkonge, zilivyotoka. Jengo zuri la bwana mkubwa litapata mtetezi siku zote.

Mkaazi wa Chumbageni

Ndugu Mjukuu, hoja yako ni nzito na nitairudia. Kwa sasa niseme tu kwamba bishano hili huenda halina haja, kwa sababu sheria yetu inalinda jengo lolote lililotimiza miaka 100, na pia majengo mengi yalishakuwa mali ya umma tangu Azimio la Arusha mwaka 1967.

Wakili wa Usiku

Bwana Mkaazi, nakuheshimu kwa kuwa wewe ndiye mwenye mada, lakini umekosea mara mbili katika sentensi moja.

Kwanza, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haihesabu miaka 100. Inataja mwaka: jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa kwa umri wake. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka Waziri alitangaze. Utawala wa Mjerumani ulifika pwani hii zaidi ya miaka 20 baada ya 1863, kwa hiyo hakuna hata jengo moja la Kijerumani katika Tanga linalolindwa kwa uzee tu. Na duka la Mhindi la mwaka 1930 ndilo halina hata pa kusimama. Pili, mwaka 1967 yalitaifishwa mabenki, viwanda vikubwa na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Nyumba za kupangisha zilifuata mwaka 1971, kwa Sheria ya Utwaaji Majengo, ambayo ilichukua zile zilizozidi thamani ya shilingi 100,000. Ziliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, baadhi zikarudishwa kwa wenyewe baadaye, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa katikati ya mji unaweza kukuta nyumba ya Shirika, nyumba ya mtu binafsi na nyumba ya mirathi isiyokwisha zikishikana ukuta. Kabla ya kuuliza tubomoe au tukarabati, ulizeni nani ana haki ya kutia saini.

Mwashi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi si msomi wa sheria, nimeshika mwiko tangu kijana, na nataka niwaeleze kwa nini nyumba hizi zinaonekana kama zinakufa.

Ukuta wa zamani wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta huo unapumua: maji ya ardhini hupanda ndani yake, kisha jua na upepo huyatoa nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo ni laini. Sasa mwenye nyumba akiona lipu imechakaa humwita fundi kijana, naye hupiga lipu ya saruji kwa sababu ndiyo anayoijua na inakauka kwa siku moja. Saruji hufunga vinyweleo. Maji yakikosa njia ya kutoka hukaa ndani na chumvi yake, huilegeza chokaa inayoshika mawe, na baada ya masika mawili au matatu lipu mpya hubanduka vipande vikubwa kama ganda la yai lililochemshwa. Watu hupita na kusema, "Tazama, jengo limechoka." Halikuchoka, limenyongwa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya duka ambayo ilikuwa imeshaandikiwa kubomolewa. Tulifungua dari na kukuta boriti za mikoko 31, na zilizooza zilikuwa nne, zote upande mmoja, kwenye ncha zilizoingia ukutani chini ya gata lililoziba majani ya mwarobaini. Zilizobaki ukizigonga kwa nyundo zililia kama mpya. Tulibadilisha nne, tukasafisha gata, tukakwangua saruji yote na kupiga chokaa tuliyoilaza majini kwa miezi kadhaa. Nyumba ipo hadi leo na duka linauza vitenge. Mjomba mwenye mali aliniambia kwamba kilichomchelewesha miaka yote hakikuwa gharama, bali kumpata fundi ambaye angejua kuilaza chokaa. Vijana wangu wawili niliowafundisha wamehamia kwenye vigae, na siwalaumu, kwa sababu vigae vinalipa kila wiki.

Mfanyabiashara wa Korogwe

Shikamoo mzee. Maelezo yako nimeyafurahia, lakini hayanitoi wasiwasi. Beit-al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa katika Mji Mkongwe, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ilikuwa na wataalamu, ufadhili na mafundi wa chokaa wakiwa kazini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wakafa. Ikiwa jumba la sultani liliwaangukia waliokuwa wakilitengeneza, nani atanihakikishia duka la mirathi ambalo wenyewe hawasemezani?

Binti wa Ngamiani

Na lile ghorofa la Dar es Salaam lililoanguka tarehe 29 Machi 2013 likiwa bado linajengwa, likaua zaidi ya watu 30, lilikuwa la chokaa? Kinachoanguka ni kazi mbovu na usimamizi mbovu, na hivyo havina enzi.

Nami bado sijajibiwa kuhusu kibaraza.

Mkaazi wa Chumbageni

Ndugu zangu, nawasihi turudi kwenye swali la msingi. Kuna jengo la zamani la hospitali pale Bombo, lile la juu ya mwamba linalotazama bahari, ambalo kila mwaka linapungua kidogo. Je, hilo nalo tulifanyeje? Lina historia ya tiba katika nchi nzima.

Mjukuu wa Manamba

Uliahidi kuirudia hoja yangu.

Wakili wa Usiku

Bombo ni suala la mwenye mali mmoja, ambaye ni Serikali, kwa hiyo ni rahisi kuliko maduka. Boma la zamani lilikarabatiwa na sasa ni makumbusho, kwa hiyo njia ipo. Nyumba za mtaani ndizo zenye kigugumizi. Hata hivyo, namuunga mkono dada wa Ngamiani kwa jambo moja ambalo hakulisema kisheria: kibaraza kile kina paa la mwenye nyumba, lakini kimetumiwa na umma kama njia kwa vizazi vitatu au vinne, na halmashauri ingeweza kuandika katika masharti ya ujenzi kwamba anayejenga upya katika mtaa huo sharti aache njia yenye kivuli chini, kwa upana uleule na usawa uleule wa jirani zake. Akitaka kwenda juu ghorofa nane, aende.

Mfanyabiashara wa Korogwe

Hilo naweza kulisikiliza, kwa kuwa halinizuii kujenga. Ila upana uleule ni upi? Kila duka lina wake, na kiwanja changu ni chembamba kama suruali ya zamani.

Mwashi Mstaafu

Hatua nne kutoka mlangoni hadi nguzo, hatua za mtu mzima aliyebeba kitu. Nimezipima mara nyingi wakati wa kuweka jukwaa la kazi. Na usiweke ngazi, mwanangu, maana mwenye baiskeli ya mzigo hataweza kupita, na mji huu bila baiskeli sijui utaitwaje.

Binti wa Ngamiani

Hatua nne nazikubali. Na mlinzi naye awekewe kigoda chake upande wa ndani.