Wameachana bila cheti cha ndoa: nyumba ni ya nani?

Swali: Wadau, Tanzania watu wakiishi pamoja miaka 6 bila ndoa kisha waachane, na hati ya nyumba ina jina la mwanaume tu, mwanamke anadai vipi?

Jibu la 1: Dada, anza na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Wakikaa miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mahakama huchukulia wameoana, na inaweza kugawa mali. Dhana hiyo hupingika: kama mwanaume ana ndoa hai ya Kikristo, dhana inavunjika. Hapo ndipo wengi hukwama.

Jibu la 2: Nusu kwa nusu si lazima. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinapima mchango wa fedha, mali au kazi, madeni ya pamoja na mahitaji ya watoto. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kupika na kulea ni mchango. Hata hivyo kusanya risiti za saruji na mabati, miamala ya simu, na mashahidi: fundi, majirani na mjumbe.

Jibu la 3: Na awahi kuomba zuio la mahakama kabla nyumba haijauzwa! Kumfukuzia mnunuzi baadaye ni kazi ngumu mno.