Mjadala: Je, nyama ya muusi wa Alaska iruhusiwe kuuzwa?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, kila ifikapo Septemba swali hili hurudi miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili hapa Alaska, na safari hii ningependa lijadiliwe kwa maandishi badala ya kuishia mezani. Muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mrefu kupita farasi, mwenye pembe pana mfano wa makasia. Mgeni akishakirimiwa nyama yake kwa jirani, huenda madukani na fedha mkononi kuitafuta, akaambiwa haiuzwi. Sheria ya jimbo inakataza kuiuza na kuinunua. Je, katazo hilo lifutwe? Mimi nasema lisifutwe, na nitaeleza sababu zangu kabla ya kuwasikiliza wenye rai tofauti.

Nilizaliwa Pangani, nikakulia kwenye samaki na nazi, na sikuwahi kushika bunduki hadi nilipohamia huku. Mtu akishatimiza miezi 12 ya ukaazi jimboni, awe raia au asiwe raia, hustahili leseni ya mkaazi. Nilipoipata yangu, jirani yangu, mzee aliyewinda tangu utotoni, alinichukua hadi kwenye vinamasi vya mto Tanana. Tulikaa siku nne bila kuona kitu. Alfajiri ya siku ya tano mzee alizungushia viganja mdomoni, akaiga mlio wa jike, na baada ya kitambo kirefu tukasikia pembe zikigonga miti. Kupiga risasi kulikuwa jambo la mara moja. Kazi iliyofuata ilitumalizia siku mbili. Dume mkubwa hufika kilo 700 na zaidi, na nyama yake isiyo na mifupa hukaribia kilo 225, nayo yote hubebwa kwa migongo ya watu, ikiwa katika mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa ili isivunde. Paja moja lenye mfupa lilinifanya nitembee nimeinama kama mchukuzi wa magunia bandarini. Mzee hakuruhusu pembe ziguswe hadi pande la mwisho la nyama lifike mashuani, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka: nyama hutangulia, pembe hufuata. Anayetelekeza nyama porini hufungwa siku zisizopungua 7 na hutozwa faini isiyopungua dola 2,500.

Usiku ule tulikula moyo na sarara, kwa chumvi tu. Nyama ya muusi ni nyekundu iliyokoza, haina mafuta yaliyopenya katika mnofu, wala haina ile harufu ya beberu ambayo wengi huihofia kwa nyama ya porini. Kwa kukosa mafuta, hukauka upesi mtu akiichoma kama anavyochoma ya ng'ombe. Kwa hiyo mimi huipika kwa tui la nazi, moto mdogo, tangu adhuhuri hadi jioni, na ile ya kusaga huitia katika sambusa. Lakini jambo lililonigusa zaidi ni lile alilolifanya mzee tuliporudi. Kabla hajajaza friza yake alitenga mafungu: la mjane wa mtaa wa pili, la kijana aliyevunjika mguu, la kanisa, na fungu langu mimi ambaye sikupiga hata risasi moja. Nilipomuuliza ananidai kiasi gani kwa mafuta ya mashua na kwa nyama, alinijibu kuhusu mafuta tu. Juu ya nyama hakutaka neno.

Hoja yangu imejengwa juu ya hesabu pia. Wawindaji wa Alaska huchukua muusi kati ya 6,000 na 8,000 kwa mwaka, yaani nyama ipatayo kilo milioni 1.6, katika jimbo lenye watu zaidi ya 700,000. Huo ni wastani wa kilo mbili na ushei kwa kila mtu, kwa mwaka mzima. Fungu dogo namna hii likitiwa bei, litamfuata mwenye fedha, na mahoteli yanayopokea watalii wa meli kila kiangazi yatalipa kuliko bibi wa kijijini. Hilo lilikwisha kuonekana. Zama za wachimba dhahabu palikuwa na wawindaji wa biashara waliozilisha kambi na miji kwa wanyama wa porini, na uchinjaji wa kondoo wa milimani karibu na mlima Denali ndio uliomsukuma Charles Sheldon, mwindaji na mpenda wanyamapori wa Marekani, kupigania hifadhi ya taifa iliyoanzishwa huko mwaka 1917.

Tena, kwa wenyeji wa nchi hii muusi si kitoweo tu. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Alaska ilifuta hatia ya mwanamume wa Kiathabaska, mmoja wa watu wa asili wa Alaska, wa kijiji cha Minto, aliyeshtakiwa kwa kusafirisha muusi aliyeuawa nje ya msimu kwa ajili ya karamu ya mazishi. Mahakama ilikubali kwamba nyama ya muusi aliyewindwa karibuni ni kiini cha ibada ile, na kwamba uhuru wa dini unailinda. Sisi wa pwani tunaojua hitima ni nini hatuhitaji kufafanuliwa sana kwa nini chakula cha matanga hakipimwi kwa mizani ya bucha.

Mchangiaji, Arusha

Ndugu mwanzisha mada, nakuheshimu, lakini hoja yako inampendelea mwenye mashua, bunduki na rafiki mzee. Mama anayelea watoto watatu peke yake na kufanya kazi zamu mbili mjini Anchorage atawinda lini? Kwake yeye katazo hili maana yake ni kwamba ataishi kwa kutegemea hisani ya watu, au asionje kabisa. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, na mwananchi hununua kwa haki na risiti. Waswidi nao huuza nyama ya muusi kwenye mabucha na mikahawa, na misitu yao ingali na muusi. Isitoshe, Katiba ya Alaska inasema kwamba samaki na wanyamapori wote ni wa watu kwa matumizi ya pamoja. Ikiwa samoni, ambaye analindwa na ibara hiyo hiyo, anauzwa hadi nje ya nchi, kwa nini muusi awe mwiko?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Arusha, ahsante. Hoja ya samoni ndiyo nzito kuliko zote, nami nitaanza nayo, maana nadhani inaniunga mkono. Samoni wa Ghuba ya Bristol, hapa Alaska, huvuliwa kwa makumi ya mamilioni kwa mwaka, na hata wingi huo haukutosha soko huria. Ilibidi Katiba irekebishwe mwaka 1972, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuweka ukomo wa vibali vya uvuvi wa biashara. Vibali hivyo vikawa mali inayouzika. Familia za vijijini zilizobanwa na madeni ziliviuza kimoja kimoja, na leo viko vijiji vinavyotazama samaki wakipita mbele ya nyumba zao bila kuwa na haki ya kuwavua kwa biashara. Nikiona hayo kwa samaki walio mamilioni, sithubutu kuyatakia wanyama wachache kama muusi.

Kuhusu Uswidi, tofauti iko kwenye ardhi. Kule haki ya kuwinda huifuata ardhi, kwa hiyo mwenye msitu anauza kilicho katika shamba lake, na mwenye miti ya misonobari hufurahi muusi wakipungua kwa sababu hula machipukizi yake. Hapa muusi hana bwana mmoja. Ya Tanzania siwezi kuyahukumu nikiwa mbali. Ninachokiona ni kwamba leseni za bucha zimekuja mahali ambapo wanakijiji wengi hawakuwa na njia yoyote halali ya kumfikia mnyama, na hali hiyo si ya Alaska.

Hata hivyo, kuhusu yule mama wa Anchorage umenishinda nusu, na siwezi kujifanya sikusikia. Njia zilizopo ni finyu. Muusi wanaogongwa na magari barabarani ni mali ya jimbo, na nyama yao hugawiwa vikundi vya hisani. Shule na vituo vya wazee vinaruhusiwa kupokea nyama ya porini iliyotolewa bure. Upo pia uwindaji wa uwakala, ambapo mkaazi mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, kipofu, au mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuwindiwa na mkaazi mwingine, kwa sharti kwamba pembe ziharibiwe ili mtu asiifanye huruma kuwa kisingizio cha kutafuta mapambo ya ukutani. Mama yule hamo katika orodha hiyo, maana ni kijana, ni mzima, na anaona.

Basi napendekeza katazo la kuuza libaki kama lilivyo, lakini orodha ya wanaoweza kuwindiwa ipanuliwe, iingize mzazi anayelea watoto peke yake, kwa masharti yale yale ya pembe. Mimi mwenyewe niko tayari kubeba mapaja ya mnyama wake. Ningependa kusikia kutoka kwa walioko Fairbanks na Kenai: je, pendekezo hilo linatekelezeka, au litafungua mlango wa udanganyifu ambao mimi siuoni?