Wauza saplimenti za farasi Nairobi, mmenikula 27,000 na hakuna mmoja aliuliza farasi anakula nini

Wasee leo nimekuja kutema nyongo, kama una haraka pita tu.

Niko na farasi mmoja, jike, anaitwa Zabibu. Kitambo alikuwa anakimbia pale Ngong Racecourse, akastaafu, nikamnunua, sasa ako na miaka 14 na wikendi anabeba watoto wa watu raundi mbili tatu uwanjani huku Lang'ata, hiyo ndio inamlipia nyasi. Si farasi wa mashindano na mimi si tajiri. Nasema mapema juu najua kuna mtu atakuja hapo chini kuniambia mwenye farasi hana haki ya kulia bei.

Mwezi wa tatu akaanza kutembea kama mtu amelala vibaya. Si mguu mmoja, leo ni huu kesho ni ule, hatua fupifupi, na ukimwambia ageuke anafikiria kwanza. Nikaenda duka moja la vitu vya farasi, jina siweki hapa na msiniulize inboksi. Kijana wa kuuza, shati imepigwa pasi, hata sijamaliza kueleza: "Madam, hiyo ni viungo, nakuhakikishia." Mkebe wa glukosamini, 8,500. Mimi na mdomo wangu nikasema na kwato zimepasukapasuka kidogo, mkebe wa bayotini huo, ati vitamini ya kwato, 11,000. Nikaongeza ati siku hizi amekuwa mkali, ukimgusa uso anarusha kichwa, jamaa akatabasamu kabisa, akashusha poda ya kumtuliza, magnesiamu na majani ya sijui nini, 7,500. Meseji ya M-Pesa ikaingia, 27,000 zimeenda, na kwa hiyo nusu saa yote hakuna mahali aliniuliza farasi anakula nini. Wala ana uzito gani. Wala niko na farasi kweli ama ni mbuzi nimemtia hatamu.

Sasa niwaambie alikuwa anakula nini, na hapa nakubali makosa ni yangu pia. Nyasi ilipopanda bei nilipunguza beli za Boma Rhodes nikaongeza pumba za ngano, kilo tatu na nusu kwa siku, nimezilowesha na molasi. Anazipenda hizo vitu, akisikia ndoo anapiga mlango na mguu. Nikaona anashiba, nikaona niko mjanja.

Karibu mwezi mzima nikamlisha hiyo mikebe kama dawa ya mtoto, kijiko kimejaa asubuhi, kijiko jioni, na farasi anazidi kuharibika. Aliyeona ni saisi wetu, yule wa kutunza farasi, mzee amekaa na farasi tangu mimi sijazaliwa. Alisimama akamtazama kutoka mbele, akaniambia, "Mama, huyu haumwi na magoti. Huyu anaumizwa na hiyo ndoo. Mtazame uso." Nikatazama, na wasee, uso ulikuwa umevimba pande zote mbili juu ya taya, mifupa imetokeza, nilikuwa namuona kila siku kwa hivyo sikuona. Na ule ukali wa kurusha kichwa nililipia 7,500? Alikuwa anaumwa uso, hakuwa mkali.

Daktari alikuja na swali lake la kwanza, kabla hata ya salamu kuisha, "anakula nini?" Bei yake yote siku hiyo ilikuwa chini ya ule mkebe wa kwato.

Akanieleza hivi. Pumba za ngano zina fosforasi karibu mara kumi ya kalsiamu. Farasi anataka kinyume, kalsiamu ndio iwe juu, ikienda chini kabisa ziwe sawa, na vizuri zaidi iwe moja na nusu ama mbili kwa moja. Fosforasi ikizidi inaziba kalsiamu isiingie, damu ikikosa mwili unaenda kuchukua kwa mifupa, na unachukua kwa uso pia, mifupa inalainika inavimba, miguu inauma huku na huku. Ni kitu ya zamani sana, kule Uingereza waliita ugonjwa wa wasaga unga juu farasi wa watu wa vinu walikuwa wanalishwa mapumba. Yaani kitu kimejulikana kabla ya magari na mtu anayekula mshahara wa kuuza chakula cha farasi Nairobi hakijui. Ama anakijua. Sijui gani ni mbaya zaidi.

Dawa? Pumba zikaondolewa pole pole, nyasi ikarudi kilo saba kwa siku, lusani, yale majani ya kulisha mifugo, kilo mbili juu ina kalsiamu mingi, na chokaa ya chakula cha mifugo, gramu 60, daktari alinipimia na mizani yangu ya jikoni. Hiyo chokaa kilo haikufika hata 50. (Ya mifugo, nimesema. Kijana wa kututumia vitu karibu alete ile ya kupaka ukuta kutoka hadiwea, hiyo inachoma mdomo, msijaribu.)

Nikamuonyesha daktari ile mikebe akasoma nyuma yake, akacheka kile kicheko cha kukosa la kusema. Ya glukosamini imeandikwa "mchanganyiko maalum gramu 10" basi, ndani kuna nini kiasi gani hakuna, lakini picha ya farasi mweusi anakimbia ufuoni iko, rangi zote. Zabibu hajawahi kuona bahari. Na akasema hata ingeandikwa, ushahidi kwamba farasi akimeza hiyo kitu inamsaidia ni hafifu. Bayotini angalau inajulikana, miligramu 15 hadi 20 kwa siku, lakini kwato inakua chini ya sentimita moja kwa mwezi kwa hivyo unahitaji miezi tisa hivi, pengine mwaka, uone kwato mpya. Mkebe wangu ni wa siku 30. Hesabu mwenyewe 11,000 mara tisa, na jamaa aliniambia "utaona tofauti wiki ya pili."

Halafu hii ndio ilinichemsha. Mkebe wa kwato una seleniamu, madini ya kuhitajika kidogo sana, na poda ya kutuliza pia ina seleniamu. Farasi mzima anahitaji karibu miligramu 1 tu kwa siku, na kutoka kiasi cha kutosha hadi kiasi cha sumu si mbali. Ikizidi kwa muda mrefu nywele za shingo na mkia zinaanguka na kwato zinapasuka. Kwato! Damu yake imepimwa, bado haijafika huko, nashukuru Mungu, lakini kuna mtu aliniuzia zote mbili kwa kaunta moja, risiti moja, na hakugeuza mkebe kusoma.

Na kabla mseme basi nenda agroveti kama watu wengine, nilienda. Nikaitisha chokaa nikapewa DCP, unga mwingine wa madini ya mifugo, "ni kalsiamu tu hiyo siste." DCP ina fosforasi ndani, karibu asilimia 18, na mimi ndio nakimbia fosforasi. Nikakataa. Akasema basi chukua hii ya kunenepesha mafahali, farasi na ng'ombe si ni wale wale. Nikasoma gunia, imewekwa monensini, dawa wanayochanganya kwa chakula cha ng'ombe na kuku. Tafadhali mwenye farasi, punda, hata kama ni wa kubeba maji, shika hili jina. Ng'ombe anapewa na hana shida, kuku anapewa, farasi miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumuua, inaharibu misuli ya moyo na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Nilimwambia huyo kijana, akaniangalia kama nimemletea habari za mwezini, akamhudumia mteja aliyefuata.

Sasa Zabibu. Imepita wiki ya saba. Anageuka bila kufikiria, jana alitaka kumuuma saisi kwa hivyo anaendelea vizuri. Uso haujarudi na daktari amesema unaweza kubaki hivyo. Watoto wanauliza kwa nini farasi ana mashavu.

Nilirudi dukani na mkebe wa pili wa glukosamini, maana nilikuwa nimeongeza kama mjinga, haujafunguliwa, sili iko. Wakanionyesha chini ya risiti, bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Meneja akatoka ofisini, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu sana, halafu akaniuliza kama nimejaribu ile yao mpya ya kalsiamu, 9,200.