Ushauri jamani: nimepewa ajira ya kufundisha vayolini shuleni, nahofia mkono utakufa

Nyuzi4_Nairobi

Wadau, habari za leo. Mimi ni mpiga vayolini, niko Nairobi, umri umeanza kugonga thelathini. Mpaka sasa naishi kwa kuunga-unga: wanafunzi wa nyumbani kuanzia Kilimani mpaka Runda, kwarteti ya harusi na makongamano, na jioni mazoezi ya okestra. Okestra hailipi kitu cha maana, lakini ndiyo inayonifanya nijione mwanamuziki.

Sasa kuna shule ya kimataifa imenipa ofa. 95,000 kwa mwezi, bima ya afya ya familia, mkataba wa miaka miwili. Vipindi 28 kwa wiki, Jumamosi mbili kila mwezi, halafu kuna kifungu kinasema nisifundishe mtu yeyote nje ya shule, wala nisifanye "shughuli yoyote ya malipo" bila kibali cha maandishi.

Mke wangu anasema nisaini jana. Yeye ndiye anayeiona ile miezi ambayo wanafunzi wangu husafiri na wazazi wao, Aprili, Agosti na Disemba, na mwenye nyumba hasafiri. Mwalimu wangu wa zamani, ambaye namheshimu kama mzazi, ameniambia wote aliowaona wakiingia mashuleni hakuwasikia tena jukwaani.

Nisaini au nisisaini?

SeloWaNgong

Hongera na pole kwa pamoja. Mimi niko shuleni miaka kadhaa sasa na bado napiga, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Kufundisha hakuui mkono. Kinachoua ni ratiba. Hebu piga picha Jumatatu: watoto kumi wa darasa la tatu, kila mmoja na vayolini ya robo (ile ndogo ya watoto), vigingi vyote vimelegea kwa sababu ziliachwa dirishani wikendi nzima. Unatyuni ya kwanza, ukifika ya sita ile ya kwanza imeshuka tena. Kipindi kimekwisha, hamjapiga nota hata moja, na wengine kumi wako mlangoni. Fanya hivyo mara tano kwa siku uone kama usiku utakuwa na hamu ya kushika upinde.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule si mshahara. Uliza vipindi 28 ni vya dakika ngapi, na kama kwaya, tamasha la Krismasi na zamu ya kusimamia chakula cha mchana viko ndani ya hizo 28 au juu yake. Tafuta ile sentensi ya "na majukumu mengine utakayopangiwa". Humo ndimo Jumamosi zako zilimozikwa. Mimi niliacha kubishania pesa, nikaomba alasiri moja tupu katikati ya wiki na ufunguo wa chumba cha muziki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chumba ni changu: skeli za oktava tatu, kisha Bach. Kengele ikilia nimeshajilipa.

KwartetiKaren

Kifungu cha kibali ndicho kibaya. Kibali cha shoo moja moja hakifai, bibi harusi hawezi kusubiri kikao cha bodi. Omba kibali cha jumla kwa wikendi zote ambazo huna zamu, kiandikwe kwenye mkataba wenyewe. Disemba peke yake kwetu ni nusu ya mapato ya mwaka.

Na ukiendelea na harusi, usipige nje na vayolini yako nzuri. Jua la saa nane likiipiga, gundi inaachia pembeni, unasikia mlio kama wa kadibodi. Nunua ya bei poa ya kazi za bustanini.

Msomi_wa_Nota

Mwalimu wako namheshimu, lakini historia haiko upande wake. Leopold Mozart, baba yake Wolfgang, alikuwa mpiga fidla (vayolini) wa okestra ya askofu mkuu kule Salzburg alipochapisha kitabu chake cha kufundishia fidla mwaka 1756. Joseph Joachim, mpiga fidla, alipewa kuongoza shule mpya ya muziki ya Berlin mwaka 1869, na kwarteti yake ikawa maarufu akiwa mwalimu vilevile. Leopold Auer alifundisha St. Petersburg kuanzia 1868 mpaka 1917, akawatoa wapiga fidla mashuhuri kina Heifetz na Elman, na huku ndiye aliyekuwa akipiga solo za fidla kwenye baleti za kifalme. Katika ulimwengu wa nyuzi, kupiga na kufundisha ni kazi moja tangu zamani.

KwartetiKaren

Auer hakuwa na zamu ya geti saa moja asubuhi 😂

Msomi_wa_Nota

Hapo umenishinda.

BiFidla_Unguja

Assalaam alaykum. Mwanangu, nakusoma nacheka kwa wema. Huku Unguja suala lako halina ugeni. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 nayo ni klabu ya taarab: mtu ana kazi yake mchana, usiku anakuja na fidla yake. Hakuna aliyemwambia si mwanamuziki kwa kuwa asubuhi yuko afisini.

Nitakwambia ambalo hao wengine hawajalisema. Wewe una mlango mmoja tu, nota za kizungu. Fungua wa pili. Likizo ya shule ikifika njoo Mji Mkongwe, ulizia Dhow Countries Music Academy, ipo tangu 2002, utapata wa kukaa nao. Fidla ya taarab wengi huityuni sol-re-sol-re, si kama yako, na vidole vitalalamika, maana zile sauti za robo katika skeli za Kiarabu kama Rast na Bayati hazipo kwenye skeli ulizozizoea. Masikio yatafunguka. Na ukirudi bara utakuwa na kitu ambacho mwenzako wa kwarteti hana, hata kwa hao wateja wa harusi.

Fundi_Diaspora

Salamu kutoka Ujerumani, kusini. Kwa kuwa najua swali la "kwa nini nisije Ulaya" liko njiani, acha nilijibu kabisa.

Kiti cha okestra huku unakigombea nyuma ya pazia, raundi ya kwanza hawakuoni. Mpiga fidla anaanza na konsato ya Mozart, ya 4 au ya 5, kisha vipande vya okestra, na Don Juan ya Strauss mara nyingi imo. Wengi hukatwa kabla hawajamaliza ukurasa wa kwanza. Ukichukuliwa kuna kipindi cha majaribio, na mwishowe wenzako wa okestra wanapiga kura. Wasiopata kiti wanafundisha. Waliopata kiti wanafundisha pia, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Walimu wenyewe walikuwa wakilipwa kwa saa, bila pensheni, kama wewe na wanafunzi wako wa Runda. Mwalimu mmoja wa piano wa shule ya muziki ya mji wa Herrenberg kesi yake ilifika mahakama kuu ya masuala ya hifadhi ya jamii, na tarehe 28 Juni 2022 ikaamuliwa kuwa alikuwa mwajiriwa, basi alipaswa kukatiwa bima na pensheni kama mwajiriwa yeyote. Shule nyingi zimelazimika kupanga upya mikataba yao. Watu huku wamepigania hicho ambacho wewe umewekewa mezani, kwa hiyo usikidharau. Ila kifungu cha kukunyima kazi za nje kibane. Hata mpigaji wa okestra huku hutoa taarifa kazini akiwa na kazi ya pembeni, lakini kutoa taarifa si kufungiwa.

MzaziWaKilimani

Mimi ni mzazi tu. Mwalimu wa binti yangu alikuwa akifuta masomo kila akipata shoo, mwisho tukamwacha, ingawa alikuwa fundi kweli. Lakini siku tuliyompeleka binti kumsikia akipiga jukwaani, wiki ile hakuna aliyemkumbusha mazoezi. Waambie hao wa shule hivyo. Waombe uwe na onyesho lako kila muhula, lihesabiwe kama kazi.

SeloWaNgong

Mama huyo amemaliza. Onyesho likiwa kwenye mkataba, muda wa kulifanyia mazoezi nao una mahali pa kukaa.

Nyuzi4_Nairobi

Asanteni sana, sikutarajia haya yote. Nimerudi shuleni leo. Vipindi ni vya dakika 35, na zamu ya chakula kumbe haimo kwenye 28. Nimeomba mambo matatu: kibali cha jumla cha wikendi, alasiri ya Jumatano, na onyesho la kila muhula. Onyesho mkuu wa shule amelikubali papo hapo, hata akafurahi. Jumatano anaangalia ratiba. Kibali amesema lazima apeleke juu, na wanafunzi wa nje amekataa katakata. Nimemwambia sisaini mpaka la wikendi lijibiwe kwa maandishi. Mke wangu ananiangalia jicho la pembeni, lakini amekubali tusubiri mpaka Ijumaa.

Bi Fidla, Agosti nakuja, inshallah.

SeloWaNgong

Vizuri. Sasa wale wa nje: una wangapi wanaojiandaa na mtihani wa ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza? Usiwaache njiani muhula huu, omba uruhusiwe kuwamalizia.

Nyuzi4_Nairobi

Watatu. Wawili Gredi ya 5, mmoja ya 8.

KwartetiKaren

Wa Gredi ya 8 nitumie inbox, Jumanne jioni nina nafasi. Ila anilipie mwenyewe nauli ya Runda.