Naomba ushauri: mtutu wa kubadilisha kwenye Browning Buck Mark .22 iliyotumika, nichukue upi?

Mlenga_Tengeru

Wakuu habari za jioni. Niko Tengeru, Arusha. Mwaka jana nilinunua bastola ya shabaha kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga shughuli zake za uwindaji. Ni Browning Buck Mark, .22 LR, mtutu mnene wa milimita 140. Uhamisho tulifanyia polisi na leseni iko kwa jina langu, kwa hiyo hilo halina shida.

Miezi ya mwanzo ilinifurahisha sana. Mita 25, nikishika kwa mikono miwili, risasi kumi zote zinakaa ndani ya duara jeusi, na kati ya hizo nne au tano zinagusa kumi. Tangu Machi imebadilika. Risasi zinatawanyika upana wa sahani ya wali, na sioni mpangilio wowote: moja juu, moja kushoto, mbili chini kabisa. Nimesafisha, nimebadilisha boksi la risasi, nimemwomba mwenzangu anayelenga vizuri kuliko mimi ajaribu. Matokeo ni yale yale.

Nimeamua mtutu umekwisha. Nimesoma kwamba kwenye Buck Mark mtutu unashikwa na skrubu moja tu, kwa hiyo kubadilisha si kazi kubwa. Maswali yangu: nichukue 140 tena au nipande hadi 184? Chuma kitupu, au ile ya alumini yenye bomba jembamba la chuma ndani? Binamu yangu anakuja kutoka Marekani Desemba, amesema anaweza kuniwekea kwenye begi.

Lengo langu ni kuanza kushindana, si kukaa nayo tu. Natanguliza shukrani.

Kereza_Majengo

Mkuu, mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Moshi, na .22 nimezifahamu tangu nikiwa kijana. Usinunue chochote bado. Mtutu wa .22 hauishi kirahisi. Kinachopita mle ni madini ya risasi yenyewe, laini, mara nyingi bila koti la shaba, na mwendo wake ni mdogo ukilinganisha na bunduki kubwa. Mtu hupiga makumi ya maelfu kabla mifereji ya ndani haijalika kwa kupiga tu. Mitutu mingi ya .22 niliyoona imeharibika, imeharibiwa na fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kwa mbele ikala ukingo wa mdomo, au na risasi iliyokwama.

Halafu hiyo bastola yako ina tabia yake. Angalia juu yake: ule ubao unaobeba kilengeo cha nyuma umefungwa nyuma kwenye fremu na mbele kwenye mtutu. Skrubu zake zikilegea, kilengeo kinacheza kila ukipiga. Wewe unalenga pale pale, lakini kilengeo hakipo pale kilipokuwa. Mtawanyiko usio na mpangilio, juu, chini, kushoto, unanuka skrubu kabla haujanuka mtutu.

Fanya hivi. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho kisha pitisha kidole. Ukihakikisha ni tupu, jaribu skrubu zote za ubao kwa alenki, na ile kubwa ya chini, mbele ya kinga ya triga, inayoshika mtutu. Chini ya skrubu za ubao panatakiwa pawe na spring washa ndogo. Mtu aliyefungua bila uangalifu huziangusha asijue. Kisha safisha ndani vizuri, umulike tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona kivuli cha duara, kama pete nyeusi, njoo utuambie iko wapi.

Mzee_wa_Kibosho

Kijana, chukua ule mrefu. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ukiongezeka, kosa dogo la mkono unaliona mapema. Nilikuwa na bastola fupi na ndefu za .22, na kwenye karatasi ile ndefu ilinipa alama zaidi siku zote. Mkono wangu sasa umechoka, lakini hilo nina uhakika nalo.

Dada_wa_Shabaha

Shikamoo mzee. Kwa karatasi ya nyumbani uko sahihi kabisa, lakini huyu ndugu amesema anataka kushindana, na hapo kuna kipimo. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, kwa bastola ya .22 ya mita 25 zinasema mtutu usizidi milimita 153. Umbali kati ya vilengeo usizidi 220. Uzito wote usizidi gramu 1400, triga isiwe chini ya gramu 1000, na bastola nzima lazima iingie kwenye sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50. Darubini na vilengeo vya nukta nyekundu haviruhusiwi. Mtutu wa 184 unakutoa nje kabla hujapiga risasi ya kwanza.

Mlenga, kuhusu alumini: mimi nimewahi kupiga na bastola yenye mtutu wa namna hiyo, nafikiri ulikuwa wa kampuni ya Tactical Solutions. Inalenga vizuri, sina la kuilaumu. Ila ni nyepesi sana mbele. Kwa anayetembea nayo shambani ni raha. Kwa anayesimama na mkono mmoja umenyooka, uzito kidogo mbele unasaidia, mkono hautetemeki ovyo na bastola inarudi mahali pake baada ya kupiga. Na mzunguko wa kumi kwenye karatasi ya mita 25 una kipenyo cha sentimita 5 tu. Nilirudi kwenye chuma baada ya wiki tatu.

Mingi ya ile myepesi pia huja na nyuzi za skrubu mdomoni kwa ajili ya kizuia sauti. Usichukue yenye nyuzi. Huna matumizi nayo, na utajitafutia maswali usiyo na sababu ya kuyajibu.

Njia_Panda_Himo

Nimesoma nikafika kwenye binamu na begi, nikasimama hapo. Ndugu yangu, tafadhali usifanye hivyo.

Marekani namba ya usajili ya Buck Mark iko kwenye fremu, kwa hiyo kwao mtutu unauzwa dukani kama spea. Hilo linawadanganya wengi. Kuutoa nje ya nchi ni jambo jingine: tangu Machi 2020 vipuri vya silaha za aina hii viko chini ya Wizara ya Biashara ya kwao na vinahitaji kibali cha kusafirisha. Binamu yako anaweza kuvunja sheria ya huko kabla hajapanda ndege, na akishuka uwanja wa ndege wa KIA akavunja ya hapa. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usijipe tafsiri yako kwamba mtutu ni chuma tu. Nenda ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako, uliza kwa maandishi, kisha muuza silaha mwenye leseni akuagizie. Itachukua miezi na itagharimu zaidi. Nimeona mtu mwenye bastola halali kabisa akipoteza amani ya nyumba yake kwa sababu ya kipande kidogo kisichokuwa na karatasi, na sitaki kukuona kwenye hali hiyo.

Mlenga_Tengeru

Ahsanteni sana wote. Njia Panda, umenisaidia kuliko unavyojua. Nimempigia binamu usiku huo huo nikamwambia aache.

Kereza, nimefanya ulivyosema. Skrubu ya mbele ya ubao ilikuwa imelegea kiasi kwamba niliizungusha robo nzima bila nguvu. Ya nyuma haina washa kabisa. Nimepata washa za saizi hiyo kwa fundi saa mjini, nimefunga, jana nimeenda kupiga nikiegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Risasi kumi zimekaa ndani ya sentimita 11. Nafuu kubwa, ila bado si ile niliyoizoea.

Na pete nimeiona. Moja tu, iliyokoza, kama sentimita 4 kutoka mdomoni. Nje sioni kitu.

Kereza_Majengo

Nje hutaona, mtutu huo ni mnene. Chukua kitambaa kilichobana, kipake mafuta kidogo, kisukume taratibu kwa fimbo ukianzia nyuma baada ya kuufungua mtutu. Kikifika kwenye ile pete, mkono utahisi kama kimeangukia mahali penye nafasi, kisha kinabana tena. Ukihisi hivyo, mtutu umevimba kwa ndani.

Nikuulize na ujibu bila wasiwasi: kuna siku risasi ilitoa sauti ndogo isiyo ya kawaida, kama mtu amepasua karanga, na ukapiga inayofuata?

Mlenga_Tengeru

Ipo. Mwezi wa pili. Nilikuwa na boksi lililopata unyevu wakati wa mvua. Moja ililia kwa udhaifu na slaidi haikurudi. Nilivuta kwa mkono, nikaendelea. Ile iliyofuata ilipiga teke zaidi ya kawaida. Sikujua maana yake.

Kitambaa nimekijaribu sasa hivi. Kinaanguka pale pale kwenye pete.

Kereza_Majengo

Basi ndiyo hiyo. Ya kwanza ilikuwa na baruti dhaifu, ikabaki njiani. Ya pili ikaigonga kwa nyuma, shinikizo likapanua chuma. Mshukuru Mungu mtutu ulikuwa mnene, mwembamba ungeweza kupasuka ukiwa mkononi. Wengine mnaosoma, nawaomba: sauti ikiwa ndogo, simama. Toa magazini, fungua chemba, hakikisha unaona mwanga hadi upande wa pili kabla ya kuweka risasi nyingine.

Kuna watakaokwambia ukate pale penye uvimbe na kutengeneza mdomo upya. Kama uvimbe ungekuwa nusu sentimita kutoka mwisho, ningesema fikiria, kwa fundi silaha mwenye leseni. Kwa sentimita 4 utabaki na mtutu wa kama milimita 100, kilengeo cha mbele hakina pa kukaa, na hiyo kazi itakugharimu bure. Sasa una sababu ya kweli ya kununua mtutu.

Mzee_wa_Kibosho

Nimesoma maelezo ya binti yetu kuhusu vipimo vya mashindano. Nakubali, 140 ndiyo yako. Mimi nilikuwa nalenga kwa furaha yangu mwenyewe, sikuwahi kupimiwa sanduku.

Dada_wa_Shabaha

Ahsante kwa upendo mzee wangu.

Mlenga, jambo moja kuhusu chemba kabla hujachagua. Mtutu wa kiwandani huwa na chemba yenye nafasi kidogo, inameza aina nyingi za risasi. Mitutu mingine ya mashindano ina chemba iliyobana, inashika ganda vizuri na kundi la risasi linakuwa dogo zaidi. Gharama yake ni kwamba inachagua chakula. Inachafuka haraka, risasi zinaanza kukwama kuingia. Na kuna risasi za kasi kama CCI Stinger zenye ganda refu kuliko la kawaida, karibu milimita 18 badala ya 15.6, ambazo mtengenezaji mwenyewe anakataza zisiwekwe kwenye chemba ya mashindano.

Hapa kwetu unapiga unachokipata dukani, leo aina hii, mwezi ujao ile. Kwa hali hiyo ningechukua wa kiwandani. Ungekuwa na uhakika wa kupata aina moja mwaka mzima, ningekwambia tofauti. Na kwenye karatasi usihangaike na risasi za kasi. Zile za kawaida za gramu 2.6, zinazotoka chini kidogo ya mwendo wa sauti, zinatosha kabisa kwa mita 25.

Mlenga_Tengeru

Nimeshawishika. Leo asubuhi nimefika ofisi ya polisi, nimepeleka barua yenye namba ya bastola na maelezo ya kipuri. Nimeambiwa nisubiri. Muuza silaha niliyeongea naye ataandaa oda kibali kikitoka: mtutu wa kiwandani, milimita 140, chuma kitupu, bila nyuzi, chemba ya kawaida. Nimemwandikia pia kwamba lazima uwe na kilengeo cha mbele na tundu la skrubu ya ubao juu, maana niligundua kuna inayouzwa bila vilengeo kwa watu wa darubini. Ule wenye uvimbe nitaukabidhi huko huko polisi mpya ukifika, nisikae nao ndani.

Ukifika, kuna la kuangalia wakati wa kufunga?

Kereza_Majengo

Mpe fundi mwenye leseni aufunge, nawe usimame karibu. Pale mtutu unapokaa kwenye fremu pafutwe pawe pakavu kabisa. Punje ya mchanga ikibaki pale, mtutu unakaa umeinama na utakuja kulaumu risasi. Skrubu kubwa ya chini ikazwe kwa nguvu ya mkono kwenye alenki fupi, isiongezewe bomba, fremu ni alumini na nyuzi zake zinang'oka. Skrubu za ubao ziwe na washa zake na tone dogo la gundi ya skrubu, ya bluu, ile inayofunguka kwa alenki ya kawaida. Nyekundu usiguse.

Kisha chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni. Kila ukitoka kupiga, angalia mistari. Ukikatika, skrubu imesogea. Piga kama risasi hamsini, kaza tena kidogo, ndipo uanze kurekebisha kilengeo.

Mlenga_Tengeru

Nimeandika yote kwenye daftari. Rangi ya kucha nitaiomba kwa mke wangu. Kibali kikitoka nitarudi hapa na picha ya karatasi.